Nilivyoishusha Sauti ya Mama

Mama aliimba katika kwaya ya kanisa letu la Sabato tangu kabla sijazaliwa. Siku za wiki alichuma chai kule Gesima. Sabato alisimama mstari wa mbele na kuanzisha nyimbo. Mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu Kebirigo, kwa hiyo kanisa liliponunua mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki, nilikabidhiwa mimi.

Nilijifunza kwa kukosea. Ukiipa maiki nguvu nyingi sauti inapoingia kwenye mashine, taa nyekundu inawaka na sauti inakwaruza. Ukiinyima, utakipandisha kitelezi, kile kidude cha kusukuma sauti juu na chini, hadi mwisho na kuambulia mvumo mtupu. Besi ikizidi, maneno yanazama. Kila Sabato nilianza na maiki ya mama. Nikishaipata sauti yake, wengine niliwapanga kuizunguka.

Kisha akafanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Daktari alimwonya mapema kwamba sauti huenda ikabadilika, naye akasema heri apumue. Sauti iliyorudi ilikuwa kavu, ikikatika katikati ya neno. Aliporudi kwaya hakuna aliyemwambia lolote. Walimsalimu tu kama mama wa kuheshimiwa, "Mong'ina, karibu tena," wakampa maiki yake.

Makambi, ile mikutano mikubwa ya ibada ya kila mwaka, yalipokaribia, mwenyekiti wa kwaya alinifuata kibandani.

"Mama yako anatuharibia," alisema. "Watakuja wageni mpaka kutoka Nyaramba. Ubeti wake nimempa pia yule msichana wa sauti ya kwanza, waimbe pamoja. Wewe mshushe mama polepole. Hatajua."

"Si mumwambie apumzike?"

"Nani amwambie? Wewe unaweza?"

Sikuweza. Nilitafuta njia ya kuniepusha kumwambia na kumshusha pia. Siku ya mazoezi nilipunguza sauti za juu palipokuwa na mikwaruzo, nikaongeza kidogo za chini, nikamwomba asogeze maiki karibu na mdomo. Ilisaidia. Haikuwa sauti yake ya zamani, lakini ilikuwa na uzito wake, kama mtu anayesema jambo alilolipitia. Nilimtazama mwenyekiti. Akatikisa kichwa na kuelekeza kidole chini.

Siku yenyewe, ubeti wa pili, ule wa mama, ulipoanza, nilikishusha kitelezi cha mama mpaka mwisho. Mimi mwenyewe, kwa kidole hiki. Aliimba amefumba macho, mishipa ya shingo imemtoka karibu na kovu. Watu wakasema amina. Baada ya ibada alinijia akitabasamu.

"Leo umenipangia sauti vizuri, mwanangu."

Nikamjibu, "Asante, mama."

Wiki iliyofuata jirani alimletea video kwenye simu. Nilikuwepo nyumbani. Mama aliitazama mara tatu. Mdomo wake ulikuwa ukienda, sauti ilikuwa ya msichana.

"Maiki yangu ilikuwa mbovu?" aliniuliza.

"Ndiyo. Waya ulikatika."

"Basi itengeneze kabla ya Sabato."

Sabato alifika mapema kuliko kwaya yote. Nilikuwa nimewasha mitambo tayari. Aliichukua maiki yake, akaigonga kwa kucha, na mlio ukajaa kanisa zima. Akaugeuza waya huku na huku, akitafuta mahali nilipouunga. Waya ulikuwa mzima, haujaguswa. Akanitazama pale nyuma nilipokuwa, kwa muda ambao sikuweza kuuhimili, kisha akairudisha maiki kwenye stendi na kwenda kuketi kwenye viti vya kina mama wengine. Jumatatu alinipa sare yake ya kwaya, imefuliwa na kupigwa pasi, nimpelekee mwenyekiti. Mwenyekiti aliipokea akasema Mungu ni mwema, jambo limekwisha bila kelele.

Nami nilibaki kwenye mikisa. Hilo linaniuma kuliko yote. Nilishukuriwa mbele ya kanisa kwa kazi safi ya makambi, nikasimama, nikapungia watu mkono.

Mama hajaimba tangu siku ile, hata shambani. Mwaka huu, tukichambua maharagwe uani, nilijikaza nikamwambia nilichofanya, ingawa alikuwa akijua. Hakuinua macho.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Masikio yako ndiyo yalikuambia sauti yangu ni mbaya, au uliona haya mbele ya watu?"

"Masikio yangu yaliipenda, mama."

"Kwa hiyo uliona haya."

"Ndiyo."

Akapuliza maganda kutoka kwenye ungo. "Afadhali ungekuwa kiziwi," alisema, akaniomba nimsogezee gunia.