Fundi Mashaka na Mtu wa Rangi ya Majivu

Fundi Mashaka hakuwa na duka. Alikuwa na kisu, nyundo, kigoda na kivuli cha ukuta wa nyumba ya mtu, na kwa hivyo vinne aliniondolea wateja.

Alifika Chole mwaka 1951 akitokea mashamba ya mkonge upande wa Kibaha. Mkataba ulipokwisha wenzake walirudi makwao, yeye akabaki akishona katambuga, vile viatu vya tairi. Tulimwita Manamba, kama tulivyowaita wote walioletwa kukata mkonge kwa namba. Hakuna aliyemwuliza kwao ni wapi. Kwa muuza kahawa alitengewa kikombe chake peke yake, kilichomeguka mdomo, naye alikirudisha mahali pake bila kuambiwa.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kanga na kaniki ng'ambo ya njia. Baba hakuniachia hata sindano. Nilianza kwa kutembeza vitambaa kichwani, kijiji kwa kijiji. Kwa hiyo siku Mashaka aliporudi kutoka Dar es Salaam na kitabu cha picha alichopewa na kuli wa bandarini, nilitazama nikaona karatasi tu.

Ndani yake mlikuwa na mtu mwenye ngozi ya rangi ya majivu. Anaruka angani, anashika daraja lisianguke mpaka gari moshi lipite. Abiria wakishuka salama wanamtupia mawe, kwa sababu ya ile ngozi. Mashaka hakujua Kizungu hata neno. Alifuata picha, na penye pengo alijaza mwenyewe. Daraja akalifanya la Ruvu. Mama aliyetupa jiwe la kwanza akampa sauti ya muuza samaki wetu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na wengine wakaacha kucheka kabla ya wenzao.

Wanawake waliokuja kuchagua kanga kwangu waliishia kule, Mwamvita akiwamo. Mwamvita alikuwa mjane. Posa yangu ilikuwa kwa mjomba wake, Mzee Mwinjuma, akiifikiria. Kisha nikasikia na Mashaka amepeleka yake. Mzee alimjibu kwamba mtu asiye na ukoo hapa, akifa, hajulikani atazikwa na nani. Jibu hilo lilinilaza vizuri. Lakini kesho yake Mwamvita alipeleka kiatu kikashonwe, na kiatu kile kilikuwa kizima. Nilikiona.

Nikaamua kukinunua kitabu. Nilimpa tairi zima la lori. Akalizungusha, akaonyesha upande uliolika, akataka na mpira wake wa ndani. Nikatoa. Alijua kubishana bei, na hilo liliniudhi kuliko yote.

Nilikitandaza kitabu juu ya kanga zangu. Wakaja wawili, wakafunua, wakaniuliza yule mtu anasema nini. Nikawaambia amekasirika. Wakavuka njia. Kule Mashaka alikuwa akisimulia bila kitabu, na mtu wa majivu sasa alikuwa amefika kijiji fulani, anaomba kahawa, nao wanamtafutia kikombe kibovu.

Ijumaa baada ya sala tulikuwa kwa muuza kahawa. Mashaka akaja, akampa Mzee Mwinjuma shikamoo, mzee akaitikia marahaba. Nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, huyu usimwozeshe," nikasema, kila mtu asikie. "Alihesabiwa kama mbuzi. Wajukuu zako watazaliwa na namba shingoni."

Mashaka akaweka kikombe chake chini, akacheka.

"Mzaramo wewe, babu yangu alipita hapa na pembe za ndovu begani akakukuta unatafuna muhogo mbichi. Akakuachia chumvi. Hujashukuru mpaka leo."

Mzee Mwinjuma akageuka. "Babu yako alitoka wapi?"

"Unyanyembe, mzee. Mimi Mnyamwezi."

Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara; watani hutukanana bila kuudhiana, na huzikana. Hilo kila mtoto wa Kizaramo analijua. Miaka miwili mtani wetu alikuwa akishona viatu mbele yetu.

"Twalibu," mzee akaniambia, "umemtukana, naye kakujibu. Mnagombana au mnataniana?"

Nilipima haraka. Ugomvi ungenifikisha kwa jumbe, nikatozwa mbuzi na kuomba radhi hadharani. Utani ni bure.

"Tunataniana, mzee."

"Basi. Nami nilikuwa nauliza nani atamzika. Kumbe yeye ndiye wa kutuzika sisi." Akamwashiria muuza kahawa, naye akamtilia Mashaka katika kikombe kilichokuwa karibu.

Mashaka alikunywa taratibu. Kisha akavuka njia, akaingia kibandani mwangu, akachagua doti ya kanga iliyo bora kuliko zote, akaiweka begani. Mtani akichukua kitu, hadaiwi. Watu wote walinitazama mdomo.

"Chukua, mtani," nikasema.

Mwamvita aliolewa na Mashaka akiwa ameivaa.

Mama yangu alipofariki, mwaka 1957, Mashaka ndiye aliyechimba kaburi. Akatangaza kwamba marehemu amekimbia ubahili wangu, akaondoka na jogoo wangu. Waliofiwa walicheka, nami nilicheka. Mwamvita alikuwa jikoni na wanawake, amejifunga ile kanga. Miaka minne ya kufuliwa, na rangi haijachuja. Kitambaa nilikichagua mwenyewe.