Ukoko wa Bibi na Hadithi Isiyo na Ukungu

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule hapa Mbarara na kijitabu chembamba cha hadithi, akavua viatu mlangoni pa duka akapiga kelele: "Mama, hii hadithi iko Rubondo kwenu!" Nilikuwa nakunja vitenge. Nikakipokea nikicheka, kicheko kikakauka nilipoona jina la mwandishi. Sitakutajia. Itoshe tu kukuambia kuwa ni yule mtoto wa jirani, ambaye mlango wao na wetu ilitenganishwa na hatua thelathini, na kwamba kabla sijasoma hata sentensi moja nilishaona wivu. Miaka yote hii, na bado.

Mama wa Kiislamu anayeuza viungo duka la pili husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mwongo. Mimi nilishiriki na sikukonda, ndiyo maana hakuna aliyenishuku.

Rubondo, kambi ya wakimbizi nilikokulia, wakati wa kiangazi, rafiki yangu, ni mahali pa kuonana. Ardhi iko wazi, nyasi zimeisha, na mtu akitoka bombani na jerikani kichwani unamwona muda mrefu kabla hujamtambua. Ng'ombe wakipita upande wa Masha unaona vumbi lao kwanza, kisha pembe. Bibi yangu, tuliyemwita Koko, alitoka katika milima ya Kivu ya Kusini. Tulipokimbia mimi nilibebwa mgongoni, sikumbuki kitu. Jioni alisonga bugali wa mahindi, maharage yakitokota kando, na siku za neema ndagala, dagaa wa kwao, na huku akisonga alitutolea hadithi. Sharti lake lilikuwa moja: atakayeirudia hadithi kesho yake vizuri ndiye anayepata ukoko. Unaujua ukoko? Lile ganda linalobaki chini ya sufuria, lina harufu ya moshi na linalia menoni. Mtoto wa siku hizi humpi, lakini sisi tungeweza kupigana kwa ajili yake.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mtoto aliyetumwa kuni mlimani. Ukungu unashuka, mtoto haoni hata mkono wake. Mama anasimama mlangoni anaita, anaita, na mtoto anaifuata sauti mpaka nyumbani. Basi, mtoto, sikia sauti ya mama yako. Niliikariri neno kwa neno, hata pale Koko alipokohoa na mimi nilikohoa. Siku moja nilimuuliza ukungu ni nini.

"Ni wingu yenye imechoka," akasema, "inashuka kutembea chini."

Nikatazama mbingu ya Rubondo. Hapakuwa na wingu lolote, sembuse lililochoka. Lakini nikaendelea kuisema vilevile, na ukoko nikaendelea kuula.

Mtoto wa jirani alizoea kuja kutusaidia kupukuchua maharage. Jioni moja akasema, "Leo acha miye niseme." Katika hadithi yake hapakuwa na mlima wala kuni. Mtoto yuko bombani na jerikani yake, mstari ni mrefu, jua ni jeupe. Kutoka pale alipo anaiona nyumba yao, anauona moshi, anamwona mama mlangoni akimpungia mkono aje. Lakini akitoka kwenye mstari atapoteza nafasi, na nyumbani hakuna tone la maji. Basi anasimama anatazama kwao, mpaka mama anachoka, anaingia ndani.

Nilicheka kwa sauti. "Haiko vile! Umeharibu! Ukungu iko wapi?"

Koko hakucheka. Mikono yake ilisimama juu ya maharage, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Huyu mutoto ameniona," akasema. "Miye njo niko mu ule mustari. Kwetu naiona kila siku, na siwezi kufika."

Akachukua sufuria, akakwangua ukoko wote akampa yule. Wote. Hakunimegea hata kipande.

Leo mimi ni mtu mzima, naweza kukueleza kilichotokea. Hadithi ilikuwa ileile, ila mahali palihamishwa, na palipohama na maana ilihama. Kwenye ukungu wa milimani ilikuwa hadithi ya masikio. Rubondo, mahali peupe, ikawa hadithi ya macho. Yule alilijua hilo akiwa na miaka tisa, na mimi nilikuwa nakohoa. Lakini jioni ile sikuelewa lolote kati ya hayo. Nilielewa ukoko tu, na macho ya bibi yangu yakimtazama mtoto wa mtu mwingine.

Kesho yake nilimkuta bombani. Nikamwambia, "Koko amesema usikuye tena kwetu. Amesema unaharibu hadisi za bazee." Aliweka jerikani chini, akainua tena, akaenda.

Jioni Koko akamtafuta kwa macho, akauliza, "Ule mutoto iko fasi gani?"

"Amesema hadisi zako ni za bazee. Hataki kuya."

Koko alikuwa na kiburi cha watu wa milimani. "Mutu mwenye hataki kuya, hatumufuate," akasema, na zile hatua thelathini hakuzipiga. Lakini kila jioni aliukwangua ukoko akauweka juu ya kifuniko, akaketi akitazama ng'ambo. Na yule mtoto alikuwa mlangoni kwao amesimama, anatazama kwetu. Mimi nilikuwa katikati, nawaona wote wawili. Asubuhi ukoko waliula kuku.

Nilimsimulia Koko tena hadithi ya ukungu, kwa nguvu zangu zote, na kukohoa nikakohoa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri." Ukoko ukabaki juu ya kifuniko. Mvua zilipoanza alikuwa hatoi hadithi tena. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Sasa binti yangu akanisomea kijitabu kwa sauti, amekaa juu ya marobota ya vitenge. Mtoto amesimama mlangoni, mahali peupe. Ng'ambo ya ua bibi kizee anakwangua sufuria, anaweka ukoko juu ya kifuniko, anainua macho. Wanatazamana. Hakuna anayevuka. Hadithi haisemi kwa nini, maana mwandishi mwenyewe hajui. Mpaka leo anaamini ni Koko aliyemfukuza. Nililia, na nikiwa nalia niliona wivu, kwa sababu imeandikwa vizuri mno.

"Mama, nisaidie hii swali," binti akasema, akitafuna kalamu. "Kwa nini mwandishi ameweka hadithi yake mahali peupe?"

"Andika hivi: kwenye ukungu mtu angeweza kusema hakuona."

"Halafu?"

"Basi. Rubondo hakuna ukungu."

Nilipita huko mwaka jana. Nyumba ya Koko imeanguka, udongo umerudi udongoni, na mtu amepanda mahindi pale palipokuwa jiko letu. Hadithi zake nyingine zote zimekwenda naye, maana mimi nilizikariri kwa ajili ya ukoko, na ukoko ulipokwisha nikazisahau. Iliyobaki ni moja tu, na si mimi niliyeitunza. Mwenye kuitunza ni mwalimu huko Kabingo siku hizi, nasikia. Toka hapa ni safari fupi, na nimefanya biashara upande ule miaka mingi nikipita njia nyingine ili tusikutane.

Jana nilisonga bugali wa mahindi katika sufuria ya zamani, nikauacha moto uushike. Tulipomaliza kula nikaukwangua ukoko taratibu usivunjike, nikauweka juu ya kifuniko. Binti yangu akanyoosha mkono.

"Acha," nikamwambia. "Huo una mwenyewe."