Mraba wa Wambeti

Enzi zetu, na ninyi mliokulia huku Kibugu mtanithibitishia, nyumba haikuhesabiwa kuwa nyumba mpaka iwe na vitambaa. Kitambaa cha kukalia, kitambaa cha kuegemea, kitambaa cha meza, na redio nayo ivalishwe chake kama bibi harusi hata kama betri zilikufa tangu Krismasi. Kina mama walivifuma kwa mkono jioni, wakishatoka kupeleka majani chai kituoni, nasi wasichana tukikaa karibu nao jikoni huku moshi ukitutoa machozi. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli, zimenolewa kwenye jiwe na kukunjwa ncha. Leo mtoto ukimpa spoku atakuuliza inachajiwa wapi.

Na maua je? Mama yangu alifuma waridi, na maua mengine ambayo sijayaona yakiota popote, akayachovya kwenye maji ya sukari yaliyochemshwa ili yakikauka yasimame wima. Tulikuwa tukiyalamba. Wageni wa Jumapili walipokuja kutoka kanisani na kuuliza mbona ua la pembeni limelala, Mama aliwalaumu sisimizi, nasi tukatazama chini kwa adabu.

Uzi haukutoka dukani ovyo ovyo. Sweta la shule likikubana halikutupwa. Lilifumuliwa, uzi ukaoshwa na kuning'inizwa na jiwe ili unyooke, halafu ukasubiri kazi. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa blanketi la mtoto. Mwanamke akijifungua, kina mama wa kanisa letu walikuja kumwona na maharagwe meusi ya njahi, ndizi za kuponda na chupa ya uji, na kila mmoja alitoa kwenye kiondo mraba mmoja alioufuma kwa uzi wa sweta la nyumbani kwake. Mwenye mtoto aliunganisha miraba hiyo kwa uzi mweusi. Kwa hiyo mtoto alilala amefunikwa na nguo za kijiji kizima.

Ndugu yangu Nyaga alizaliwa Julai, ule msimu wa ukungu usioisha. Wambeti, rafiki wa mama yangu, aliyekuwa akichuna chai mstari mmoja naye, alileta mraba wa rangi ya damu ya mzee, ukingoni ameupiga mafundo manene kama punje za mahindi. Hakuna mwingine aliyefuma hivyo. Mimi nilitoa mraba wa kijani, wa sweta langu la shule, lakini ule wa kwanza ulikataliwa. Siku hiyo nilikuwa nimenuna kwa sababu nilinyimwa kwenda sokoni na wenzangu, nikawa nauvuta uzi kama navuta ng'ombe mkaidi. Mraba ukatoka mdogo na mgumu. Mama aliushika tu, hata hakuutazama.

"Umefuma na hasira," akasema. "Mtoto hafunikwi na hasira ya mtu. Fumua, uanze tena."

Akavuta uzi, na mraba wangu wote ukaishia mkononi mwake.

Sasa nisikilizeni. Juzi nilikwenda nyumbani kumwona Mama. Macho yake yameondoka, anaishi kwa vidole na masikio. Nilimkuta amefunikwa blanketi la dukani, la manyoya, lenye picha ya simba aliyeachama kinywa.

"Hii inateleza," akaniambia. "Langu liko wapi? Nauliza, naambiwa linaoshwa. Litaoshwa mpaka lini?"

Nikatafuta kabatini, nikatafuta stoo. Nililipata zizini. Limefungwa kwa kamba ya katani mgongoni mwa ndama! Blanketi lililompokea Nyaga duniani, amevishwa ndama wa Nyaga! Nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni, na sioni haya kusema kwamba nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia kwenye ua.

Wifi yangu, mke wa Nyaga, akatoka jikoni akipangusa mikono. "Wifi, si uteremshe sauti? Hiyo kitu ilikuwa imezeeka, na kandama kalikuwa kanatetemeka. Na Shosho tumemnunulia mpya, hata iko na simba."

"Simba alimfumia nani mraba hapa?" nikamuuliza.

Nyaga mwenyewe alisimama kando akikuna kichwa. Nikamfungua ndama, na hapo ndipo nikaona ukingo mmoja umetafunwa. Mraba mzima haupo.

La kuniudhi zaidi, binti yao Purity alikuwa amekuja kutoka chuoni Embu, amevaa blauzi. Blauzi gani? Miraba! Miraba ileile ya kufuma, yenye matundu, kitovu nje kinapigwa na baridi ya Kibugu. Nikamwuliza nani kamfumia. "Auntie, nilibuy tu online. Hizi ndizo zinatrend." Nikamwambia basi azibe pengo la blanketi la nyanya yake. Akacheka, akasema labda atafute video. Mtoto amezaliwa kisimani, anaagiza maji kwa simu!

Nililifua blanketi kwa mikono yangu, nikalianika juani mpaka harufu ya zizi ikatoka, nikamfunika Mama. Kisha vidole vikaanza kutembea, mraba kwa mraba, kama mtu anayesalimia watu baada ya ibada. "Huyu ni mama Njeru. Huyu ni mke wa mwalimu, uzi wake ulikuwa laini. Huyu ni wewe." Alikuwa akitabasamu. Halafu kidole kikaingia kwenye pengo.

"Wambeti yuko wapi?"

Wambeti tulimzika zamani, na Mama alikuwa mbele kabisa kaburini. Alikuwa anauliza mraba, si mtu. Nimwambie nini, kwamba Wambeti ameliwa na ndama?

"Umechanika," nikasema. "Nitaushona."

Nilikuwa na sweta langu moja la rangi ya damu ya mzee, nililolipenda sana. Nililifumua jioni hiyohiyo, nikakaa kando ya kitanda na sindano, nikafuma, mafundo ukingoni kama yale yake. Nikamwekea Mama mkononi. Akaupapasa, akaupima na kiganja chake. Ulikuwa mdogo na mgumu.

"Huyu si Wambeti," akasema. "Fumua, uanze tena."

Enzi zile mwanamke akija kufuma na kinyongo, wenzake walimtania mpaka acheke na uzi ulegee, ndipo aendelee. Leo wifi yuko jikoni hasemi nami, Purity yuko na simu yake, Nyaga amekwenda kumtazama ndama. Nimefumua, nikaanza tena, nikafumua tena. Mama ananingoja, mkono juu ya pengo ili baridi isiingie, na kila mraba ninaoufuma unatoka mdogo.