Kwenda Sikonge Kutafuta Sababu ya Pengo

Nilifunga safari kwa sababu fundi redio mmoja wa Ng'ambo, Tabora, alitaka kukata kipande cha wimbo, na mimi, fundi cherehani wa Ujiji ninayejua maana ya kukata, sikukubali.

Sisi wapenzi wa Sega Jazz tumetawanyika, tunakutana kwenye kundi letu la simu. Bendi yenyewe ilishakufa zamani. Kilichobaki ni kaseti ambazo watu walijirekodia madansini, redio imewekwa mezani katikati ya chupa za soda. Kazi yetu ni kuzilinganisha. Mtu akiuliza kama wimbo si ndio uleule, tunamhurumia. Sega Jazz hawakuwahi kupiga wimbo mara mbili kwa namna moja. Wakimaliza kuimba na kuingia kwenye chemko, pale magitaa yanapoachiwa yaseme yenyewe, waliweza kuzunguka humo mpaka mcheza dansi akasahau alikuja na nani. Chukua wimbo wao wa "Nisubiri Kaliua". Katika rekodi ya Urambo, gitaa la solo linaingia mapema, na mtu anatangaza kwamba mwenye baiskeli nyeusi aliyeziba mlango akaiondoe. Katika ya Ng'ambo, adhana inasikika, bendi inanyamaza kwa adabu, kisha inarudi palepale ilipoachia. Halafu kuna ya Sikonge, ambayo ni yangu.

Marehemu baba yangu, mtu wa reli, ndiye aliyeileta Ujiji. Ni ya bugi, yaani dansi la mchana. Katikati ya chemko, gitaa la ridhimu, lile linalotembea chini ya solo bila kupumzika, linakatika ghafla. Watu wanacheka. Kisha makofi yanaanza, machache, halafu ukumbi mzima, na makofi hayo yanafanya kazi ya gitaa mpaka lenyewe linaporudi, polepole, kwa woga. Nimeshona nayo maisha yangu yote. Likifika pengo hilo, mkono wangu huinua mkasi na kusubiri.

Sasa Mzee Seifu, fundi redio huyo, alikuwa anazisafisha rekodi zetu azitie kwenye flashi, vijana wa bendi mpya ya Tabora wajifunzie. Akatutangazia kwamba pengo la Sikonge atalikata na kuunganisha pande mbili.

"Ni kosa, dada yangu," aliniambia kwenye simu. "Vijana hawafundishwi kosa."

"Mbona adhana hukuikata?"

"Adhana ina sababu. Niletee sababu ya pengo lako nami sitaligusa. Lakini Jumapili nafunga kazi."

Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo si tabia yangu. Kisha nikafunga cherehani.

Kigoma, stesheni. Nilipanda treni na begi moja, kaseti yangu, redio ndogo ya kuichezea, na mfuko wa dagaa. Dagaa walikuwa wa Mzee Seifu. Ugomvi ni ugomvi, lakini huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Abiria wenzangu walivumilia harufu mpaka Uvinza, kisha mama mmoja akaniomba niufunge mfuko vizuri, nikaufunga. Njia hii wazee wetu waliikata kwa miguu na misafara, mizigo kichwani. Sisi tuliikata tumekaa, tunagombania dirisha.

Asubuhi tuko Kaliua. Treni iliposimama nilishuka kununua mihogo ya kuchemsha, nikajikuta naimba wimbo wetu kwa sauti. Muuzaji alicheka akaniambia, "Aliyekusubiri kashaondoka, mama." Nilipanda tena nimefurahi bila sababu ya maana. Baada ya hapo ni miyombo, na miyombo, na mtu mmoja mmoja na baiskeli yake kando ya reli.

Tabora. Nilikwenda moja kwa moja Ng'ambo, kwa Mzee Seifu. Karakana yake iko kati ya mshona viatu na muuza ndoo, imejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Ni mzee mwembamba mwenye kofia safi na miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, Mzee Seifu."

"Marahaba. Karibu, dada yangu wa Ujiji. Dagaa nimewasikia tangu kona ile."

Mkewe alituletea kahawa na kashata. Tulisikiliza rekodi ya Ng'ambo na ya Sikonge, moja baada ya nyingine, na sikuweza kumchukia. Anasikiliza kwa mwili mzima. Solo ilipopanda aliinua nyusi, besi ilipoteremka akateremsha mabega. Lakini pengo lilipofika alikunja uso kama aliyetafuna mchanga.

"Mpiga ridhimu huyo aliitwa Petro," alisema. "Baada ya bugi hilo aliacha bendi. Wenzake walirudi Tabora, yeye akabaki huko. Sijui kama yu hai. Kama alikuwa na sababu, kaenda nayo."

Sikonge, kesho yake. Basi liliniteremsha stendi nikiwa na wasiwasi ambao sikumwonyesha mtu. Juu ya ganda la kaseti baba aliandika maneno machache tu: Bugi, ghala la asali. Nilimwonyesha kijana wa bodaboda, akanipeleka kwa njia ya vumbi jekundu, tukipishana na baiskeli zilizobeba madebe, mpaka kwenye jengo refu lenye paa la bati. Siku hizi wanaweka mbegu humo. Nje alikaa mama mmoja wa makamo yaliyosogea, kitenge kiunoni, anauza asali kwenye chupa.

"Mwangaluka, mayo," alinisalimia, kisha alipoona nimekodoa macho akahamia Kiswahili. "Karibu mama. Asali ya leo ni nyeusi, ya miyombo."

Nilinunua chupa kwanza. Ndipo nikamuuliza kama amewahi kusikia habari za bugi lililopigwa humo ndani na Sega Jazz, siku gitaa lilipokatika.

Aliniangalia. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ulikuwepo?" niliuliza.

"Niliuchomoa mwiba mimi!"

Akanieleza. Ghala lilikuwa limetolewa masega asubuhi ileile ili watu wacheze, lakini nyuki hawakupewa taarifa. Waliendelea kuja kutafuta mali yao. Mmoja akaingia kwenye mkono wa shati la mpiga ridhimu, akatembea, akamchoma kidole kilekile cha kubania nyuzi. Kidole kikavimba kama kiazi. Bugi lilipokwisha, mama huyu, wakati huo msichana, alimfuata nyuma ya ghala akamtoa mwiba kwa kucha.

Nilitaka kumkumbatia. Sababu ninayo! "Na huyo Petro alikwenda wapi?"

"Yuko mizingani. Ndiye mume wangu." Akaacha kucheka. "Mimi Ester. Lakini mama, usifurahi mapema. Habari ya siku ile kwetu haitajwi. Redio ikipiga Sega Jazz, anaizima."

Mchana, nyumbani kwao. Mzee Petro alirudi kwa baiskeli, bomba la kufukizia moshi limefungwa nyuma, suruali imebanwa na kamba miguuni. Mtu aliyeaibishwa na nyuki mmoja ameishi miongoni mwao maisha yake yote. Nilimsalimia, akaitikia kwa upole. Nikamweleza nilikotoka na ninachokitaka, na kwamba Jumapili kipande chake kitakatwa.

Akanawa mikono taratibu.

"Huyo fundi ana akili," alisema. "Kikateni."

Nilisafiri kote huko kukitetea kitu, kumbe mwenyewe ndiye anayetaka kiondoke. Ningeweza kuondoka na sababu yangu nikampelekea Mzee Seifu, nikashinda. Lakini ningemshinda nani? Nilimtazama yule mzee anavyojifuta vidole kimoja kimoja, nikaona kwamba pengo si langu peke yangu.

Ester alituandalia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Mwishowe Petro alisema mwenyewe, bila kunitazama:

"Walinizomea, mama. Ghala zima. Nilikuwa kijana, nimevaa shati jipya, nimesimama mbele ya watu na gitaa lisilolia. Wakacheka, wakanipigia makofi ya kejeli. Nikasema sitapanda tena jukwaani, na sikupanda."

"Haikuwa hivyo," alisema Ester.

"Unanifariji."

"Isikilize mara moja tu," nilimwomba. "Ukisema kikatwe, nitamwambia Mzee Seifu kwamba umesema wewe."

Alikataa. Ester akamwambia kwa sauti ndogo kwamba mgeni katoka Ujiji, na hilo ndilo lililomshinda. Hakuweza kumrudisha mgeni wa mbali.

Niliweka redio juu ya kigoda. "Nisubiri Kaliua" ikaanza, na kwanza alikaa kama mtu anayesubiri sindano. Lakini chemko ilipokolea goti lake likaanza kutikisika lenyewe. "Solo huyu mroho," alinong'ona, "hakumwachia mtu nafasi." Akatabasamu. Kisha gitaa lake likakatika, kicheko kikapasuka, naye akainamisha kichwa.

Juu ya kicheko ikapanda sauti ya mwanamke, karibu kabisa na redio, kwa Kinyamwezi. Nimeisikia sauti hiyo maisha yangu yote. Sikijui Kinyamwezi, basi siku zote niliichukua kuwa shangwe ya mchezaji. Baada yake ndipo makofi yanaanza.

Petro aliinua kichwa. "Rudisha."

Nikarudisha. Sauti ikapanda tena.

"Anasema nini?" niliuliza.

Petro akanitafsiria. "Anasema, mwenzetu kaumwa na nyuki. Msimcheke. Tumshikie mpaka arudi."

Kisha akamgeukia mkewe. Ester alikuwa anakusanya maganda ya karanga kwenye sahani, anayakusanya yaleyale.

"Ni wewe."

"Nimekwambia tangu hatujaoana. Redio ilikuwa mezani pangu, mtu wa reli aliniomba nimwangalizie akacheze."

Huyo mtu wa reli alikuwa baba yangu. Nililia kidogo, na sioni haya kuliandika.

Petro alitoka nje, tukamsikia anasogeza vitu ambavyo havikuhitaji kusogezwa. Aliporudi alikuwa ameosha uso.

"Kwa hiyo walikuwa wananishikia," alisema. Kisha: "Jumapili ni keshokutwa, siyo? Tutakwenda wote."

Jumapili, Ng'ambo. Walitoka ibadani kwao asubuhi, tukapanda basi pamoja. Petro amevaa koti, Ester amebeba asali. Mzee Seifu alikuwa ameweka viti nje ya karakana, na vijana wa bendi mpya wamekuja na magitaa yao kuchukua flashi. Mpiga ridhimu wao ni dada mmoja, Rehema, anayefundisha shule siku za kazi. Nilimwambia Mzee Seifu kwamba sababu nimeileta, na imekuja kwa miguu yake.

Petro akaeleza mwenyewe, kidole hewani. Mzee Seifu alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika.

"Nyuki," alisema.

"Nyuki, mzee wangu."

"Nimelikagua pengo lile kwa vifaa vyote nilivyonavyo, kutafuta hitilafu. Kumbe hitilafu ina mabawa!" Akavua miwani kwa kucheka, uzi ukakatika, ikabidi Ester amfungie upya. Halafu akasema kwamba sababu hiyo ameipokea, na pengo litabaki kama lilivyo, pamoja na kicheko. Akaniambia pia kwamba dagaa walikuwa wazuri. Kwa Mzee Seifu huko ni kuomba radhi.

Rehema alimpa Petro gitaa lake. Vidole vilikuwa vizito, vya mtu wa mizinga, na mara mbili alisimama akatikisa kichwa. Ya tatu ridhimu ikaanza kutembea. Niliijua kabla haijafika popote. Ilikuwa ileile, ila imezeeka kidogo, haina haraka. Vijana wakaingia chini yake mmoja mmoja, wapita njia wakaanza kusimama, mshona viatu akaacha kiatu.

Chemko ikafika pale inapofikia. Petro akafunika nyuzi kwa kiganja.

"Na hapa, babu, nipige nini?" Rehema aliuliza.

"Hapo usipige kitu," alisema Petro. "Hapo ni pa mke wangu."

Ester akatuangalia sote, akaona haya, akaanza kupiga makofi.

Kurudi. Kwenye treni nilikuwa na chupa za asali badala ya dagaa, na hakuna aliyelalamika. Nilijifunza kwamba kulinganisha rekodi si kutafuta ile isiyo na dosari. Huko tulikuwa tunapoteza muda, na tuligombana kwa raha zetu. Kaseti yangu niliijua kila mkwaruzo, na bado sikujua kwamba ndani yake kuna mtu anamwombea mwenzake.

Ujiji, nyumbani. Nilifungua cherehani, nikaweka kaseti, nikatandaza kitambaa cha mteja ambaye alishachoka kunisubiri. Pengo lilipofika mkono wangu uliinua mkasi kama kawaida yake. Nikauweka chini, nikapiga makofi mpaka Petro aliporudi.