Lengalenga za Jirani Yangu

Mwaka uliofuata uhuru, pale Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, mwalimu alitugawia kila mtoto tuta moja nyuma ya darasa. Alitaka tujue kwamba taka za mji ni chakula cha udongo.

Taka gani? Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Kwetu tulitupa vipande vya kitenge. Mama wa jirani yangu wa dawati alianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na binti yake huyo alileta mabaki kwa kikapu. Lengalenga zake, ule mchicha tuliopanda sote, zilijaa tuta. Zangu zilidumaa, njano tupu. Wivu ulininyima hata hamu ya kula.

Siku moja niliiba kikapu chake, nikafukia mabaki yote kwenye tuta langu. Kumbe yeye huyaozesha kwanza kwa majivu! Kesho yake tulikuta paka wa mtaa wamefukua kila kitu.

Watoto walicheka. Yeye hakucheka. Aling'oa nusu ya miche yake, akanipa.

"Panda hizi, dada. Kwangu ziko mingi."

Nilipanda. Zilistawi, mwalimu akanisifu mbele ya wote. Siku hiyo ndipo nilipomchukia kweli.