Jiwe Linaloukimbia Mto

Jumamosi niliingia bustani ndogo ya Nyakabiga, iliyo juu ya mto Ntahangwa. Jiwe la pale limeandikwa: "Hapa ndipo wazee wetu walipovukia." Nilimkuta mlinzi akiling'oa kwa jembe.

"Mama, mto inakula udongo," alisema. "Kila mvua ikipita, mi narudisha jiwe nyuma hatua tano."

"Basi hapa sipo walipovukia?"

"Apana. Pale palianguka zamani." Akanyoosha kidole hewani, juu ya korongo.

Tulilisukuma pamoja mpaka kwenye ukuta wa nyumba inayopakana na bustani. Akaupigapiga kwa kiganja. "Mvua ingine, tutaomba hawa watu watupe nafasi ndani."

Hakujua kwamba ukuta ule ni wa nyumba yangu. Historia naikaribisha. Ninachoogopa ni kile kinachoifukuza.