Kidole cha Apolonia

Apolonia alikuwa mwanamke wa kusema mara moja. Ukimbishia hakurudia, alichukua jembe lake akaenda zake, ukabaki na maneno yako mdomoni. Pale kijijini Mofu walimwogopa kidogo na kumpenda sana, maana ndiye aliyejua nani amelala njaa na nani anajifanya mgonjwa ili asionekane msibani. Aliteremka kutoka upande wa Mahenge akiwa bi harusi, akakuta mbu, matope na mto, akasema huku hakai ng'o. Akakaa. Akamzika mume huku, akazika na watoto huku huku, mpaka akabakiwa na mmoja tu, Digna. Sasa nenda kamwambie mtu wa namna hiyo kwamba kuna jambo la Digna asilolijua!

Nasema haya mapema kwa sababu nawajua watu. Wakiisikia habari hii wanakimbilia kusema, ah, mama yule mshamba. Mshamba mwenyewe ni wewe. Apolonia alikuwa na akili kuliko wengi waliomcheka, na alichokifanya alikifanya kwa mapenzi, akiwa na akili zake timamu. Hapo ndipo panapouma.

Digna aliolewa na Severini, kijana mrefu wa Mchombe, mpole, mkulima hodari. Severini alimheshimu mkwewe kama alivyofunzwa kwao: hakumkazia macho, hakula naye sahani moja, na mambo ya wanawake, kama mimba na uzazi, hakuyagusa mbele yake. Akikutana naye njiani alijitoa pembeni akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba, hamjambo huko?" Basi, kila mtu na njia yake.

Mimba ya kwanza ya Digna iliharibika. Ya pili iliingia mwaka wa hamsini na nne, na kabla mvua hazijashika vizuri msichana alianza kuchoka. Si uchovu wa kawaida. Alikuwa akijitwisha ndoo kutoka mtoni, akifika katikati ya njia anaitua, anakaa chini, mkono kifuani, moyo unamwenda mbio kama mtu aliyekimbizwa na kiboko. Miguu ilimvimba. Chakula hakukitaka, ila udongo. Apolonia mwenyewe ndiye aliyemchimbia, udongo wa kichuguu, akaubanika motoni mpaka ukanukia, akamfungia kwenye jani la mgomba. Wajawazito wote walikula udongo. Apolonia aliula katika mimba zake zote, na nani alimwambia ni vibaya?

Severini ndiye aliyetaka damu ya mkewe ipimwe.

Alikuwapo mtu mmoja pale Mofu, Raimundi, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda, jeshini wakati wa vita vya Burma. Aliporudi hakutaka kuajiriwa tena na mtu. Alijenga kibanda uani kwake, akaanza kupima damu za watu kwa malipo ya kuku au kibaba cha mchele. Alikuchoma kidole, akalidondosha tone kwenye karatasi nyeupe, akaenda nalo juani kulilinganisha na kadi yake yenye rangi nyekundu za kila namna, kuanzia iliyofifia mpaka iliyokolea. Tone likiwa hafifu, alisema madini ya chuma yamepungua mwilini, na alikuwa na vidonge vya kuyarudisha. Chuma mwilini! Watu walicheka wakakosa mbavu. Mzee Hilari, jirani wa Apolonia, kila wingu lilipotanda alikimbilia ndani akipiga kelele kwamba anaogopa kushika kutu.

Lakini walikwenda. Hata Hilari alikwenda, kimyakimya, na kuku wake kwapani.

Severini hakuweza kumwambia mkwewe uso kwa uso jambo la mimba, akamtuma mkewe aseme. Apolonia alikunja uso. Miaka ile habari za mumiani zilikuwa zimezagaa bondeni kote, kwamba wapo watu wanaonunua damu, na mwenye damu yake hupukutika mpaka akafa. Hilo hakuliamini sana. Jambo lililomtia hofu hasa lilikuwa jingine. Kwao mwanamke mwenye mimba hakutolewa damu, hata ya mwiba; akichomwa na mwiba shambani, bibi zake walikimbilia majivu kuizuia damu. Waliamini damu ya mama ikifunguliwa njia, mtoto naye huifuata. Na Digna alikwisha kupoteza mmoja. Kumpoteza wa pili kwa ajili ya sindano ya Raimundi? Hapana jamani.

Lakini mkwe ameomba, na mkwe mwema haachwi hivi hivi. Wakaenda, mama na mwana.

Raimundi aliwapokea vizuri. Hakuwashika wanawake wajawazito. Aliogopa waume zao. Alikuwa ametundika mkeka katikati ya kibanda, na mjamzito aliingia nyuma ya mkeka na mama yake au shangazi yake. Alimkabidhi Apolonia sindano aliyoipangusa kwa spiriti, na kipande cha karatasi.

"Choma ncha ya kidole, mama. Tone moja tu, kisha niletee haraka kabla halijakauka."

Nyuma ya mkeka Digna alinyoosha mkono. Apolonia aliutazama mkono ule, mwembamba, kiganja kimepauka kama cha mtu aliyeshinda akifua. Akausukuma taratibu ukarudi mapajani. Akajichoma mwenyewe.

"Mama!" Digna alinong'ona. "Si wamesema mimi?"

"Nyamaza. Hiyo uliyonayo nani alikupa? Uliiokota njiani?"

Digna akafunika mdomo kwa khanga, akacheka. Apolonia naye akacheka. Sikieni: hakuwa anadanganya. Kwake lilikuwa jambo la wazi kama mchana. Mtoto ameumbwa kwa damu ya mama yake, miezi yote ile tumboni. Sasa damu hiyo itageuka kuwa nyingine lini? Ukitaka kujua maji ya mtungi yana ladha gani, onja ya kisima ulikoyateka. Alipeleka karatasi kifua mbele.

Raimundi akatoka nayo juani, akaiweka kwenye kadi, akaikodolea macho, akarudi anatabasamu. "Damu nzito! Imekolea. Huyu hana haja ya dawa ya chuma, mama. Wape wengine."

Severini aliposikia alishusha pumzi. Siku ile alikula akamaliza.

Mvua ziliposhika, walihamia shambani kama ilivyokuwa desturi ya bonde. Mpunga ukishaanza kusimama huuachi. Ndege mchana, viboko usiku. Kila familia ilijenga dungu lake juu ya nguzo, wakaishi humo mpaka mavuno, maji yakipita chini yao. Apolonia alikwenda kukaa nao kwa sababu siku za Digna zilikuwa zinakaribia.

Na Digna alizidi kudhoofika. Ngazi ya dungu, vijiti vichache tu, aliipanda kwa kupumzika. Midomo ilipauka. Akisimama ghafla, dunia ilimzunguka akashika nguzo. Severini aliona. Alijikaza siku kadhaa kwa heshima, hatimaye akaja akasimama chini ya dungu, uso ameuelekeza mpungani.

"Mama, samahani. Naona Digna hali yake si nzuri. Nimewaza nimpeleke Ifakara kwa masista, kabla mto haujafunga njia."

"Damu yake ilipimwa, baba," Apolonia alimjibu kutoka juu. "Imejaa. Wewe mwenyewe ulisikia. Hii ni mimba tu, wengine huwalemea. Ukimtingisha kwenye mtumbwi atazalia majini."

Severini alichuma jani la mpunga, akalichezea. Angekuwa mtu mwingine amesema hivyo, angebisha. Lakini mkwe! Utaanzaje kumhoji mkweo juu ya tumbo la mwanawe? "Haya, mama," akasema, akarudi kwenye ndege wake. Wiki ile ile mto ulipanda, shamba lote likawa ziwa.

Digna alijifungua palepale juu ya dungu, mchana, Apolonia akimzalisha. Mtoto wa kike, mdogo, lakini alilia. Damu ilitoka, ndiyo, ila haikuwa ya kutisha. Apolonia aliwahi kuona wanawake waliotoka nyingi kuliko ile, na kesho yake wakasonga ugali. Digna hakusonga kitu. Aligeuka baridi, jasho likamtoka, akaanza kuvuta pumzi fupi fupi, anaomba hewa, hewa, nao wako juu ya dungu katikati ya maji, hewa imejaa kila upande.

Severini na jirani yao Tadei walimlaza ndani ya mtumbwi. Walipiga kasia na upondo mpaka mikono ikachubuka, Apolonia katikati, mtoto kifuani, kichwa cha Digna mapajani. Njia nzima alimwita jina. Digna aliitikia, kisha akaitikia kwa macho tu.

Pale hospitali ya misheni, Ifakara, walimpokea kwa machela, mbio. Sista Margareta, mwanamke wa Kizungu aliyekijua Kiswahili vizuri, aliinama, akavuta chini ukope wa Digna kwa kidole gumba. Ndani palikuwa peupe. Si pekundu hafifu. Peupe, kama karatasi.

"Safura," alisema. "Na udongo pia, naona, kwenye meno. Huyu hana damu tangu zamani, siyo tangu leo. Miezi mingi. Kwa nini hamkumleta?"

"Alipimwa, Sista," Severini alisema. "Kabla ya mvua. Mpimaji alisema damu imejaa."

"Haiwezekani. Alipimwa yeye?"

Apolonia akaona Sista hajaelewa, na wanapoteza wakati. Akasogea mbele kumsaidia. "Nilitoa mimi, Sista. Yangu. Mimi ndiye mama yake mzazi."

Akangoja Sista atikise kichwa aseme, aa, basi sawa. Sista hakusema. Alimtazama mwanamke yule, mtoto mchanga mikononi, na uso wake ukalegea kwa huruma. Hapo ndipo Apolonia alipoanza kuogopa.

"Mama," Sista alisema polepole, "mtu akishazaliwa, damu yake ni yake. Wewe unaweza kushiba na yeye akafa njaa."

Severini aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimtazama mkwewe machoni, moja kwa moja, na hakuyaondoa macho yake. Hakutukana. Heri angemtukana.

"Basi chukueni yangu!" Apolonia alipiga kelele. "Ipo! Si mmesikia imejaa? Ikamueni yote mumpe!"

Daktari aliitwa, akamchoma yeye, akamchoma Digna, akaenda kuangalia kama damu mbili zile zinapatana. Alikuwa bado anaangalia wakati Sista alipotoka chumbani, akafunga mlango nyuma yake, akafanya ishara ya msalaba.

Walimzika Ifakara, mto haukuruhusu kumrudisha. Watu wa Mofu walipopata habari walitaka kwenda kukichoma moto kibanda cha Raimundi, na wengine walikwisha kuwasha vijinga. Apolonia ndiye aliyewazuia, kwa kusema mbele ya wote kidole kilikuwa cha nani. Alisema mara moja tu, kama kawaida yake. Raimundi hakuchomewa kibanda, lakini tangu siku ile aliuondoa ule mkeka.

Severini hakumfukuza mkwewe. Hakumrudishia pia ile shikamoo ya zamani; alisalimia akipita. Mtoto walimwita Katarina, akalelewa kwa uji na maziwa ya kopo mgongoni mwa bibi yake. Mto ulipopungua walimpeleka Ifakara, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko umri wake na alipauka. Sista Margareta alisema lazima damu yake ipimwe.

Sista alipoleta sindano akamgusa kisigino, mtoto aliangua kilio, akauvuta mguu ndani ya khanga, akajificha shingoni mwa bibi. Severini, aliyekaa mwisho wa benchi, aliinuka kidogo, akatazama mikono ya Apolonia.

Apolonia aliukunjua mguu ule mdogo kutoka kwenye khanga, akaushika kwa nguvu mtoto asiuvute. Machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni.

"Mchome yeye, Sista," alisema. "Mimi usiniguse."